Meno Yaliyogawiwa Matangani

Tangu nistaafu sijatia kidole kwenye kinywa cha mtu, na wala sijaumwa na hamu ya kufanya hivyo. Ninyi mliobaki kwenye kile chumba cha nyuma cha hospitali mlinibana siku ya kuniaga niwaandikie uzoefu wangu. Uzoefu gani, jamani? Nimetengeneza meno ya bandia hapa Lushoto maisha yangu yote ya kazi, mpaka jina langu la ubatizo limepotea na hata mchungaji ananiita Mama Meno. Haya, kaeni niwasimulie. Vyeo na mishahara mtavifuatilia wenyewe, mimi vilinichosha nikiwa bado kazini.

Aliyenipokea ni Mzee Kanuti. Baba yake alitoka Songea kuja kuchuma chai, akaoa, akabaki, na Kanuti akazaliwa kambini huko mashambani, akakua anaongea Kishambaa kuliko Washambaa wenyewe. Meno yake yalikuwa kamili, yote ya kwake, na alikuwa akicheka kwa kufunika mdomo ili wagonjwa wasione wakakata tamaa. Siku ya kwanza niliingia na gauni langu jipya, nikasema, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, fungua mdomo."

Nikafungua. Akachukua kile kisahani cha chuma chenye umbo la taya, akakijaza ule uji mzito wa rangi ya waridi wa kuchukulia chapa, akanisukumia kinywani mpaka macho yakanitoka. Halafu akaondoka zake kwenda kunywa chai. Nilisimama pale mate yananichuruzika hadi kwenye gauni, watu wanapita mlangoni wananipa pole. Aliporudi, huku anajifuta midomo, akaniambia, "Sasa unajua. Usimwache mtu na chapa mdomoni ukaenda kunywa chai." Nilitaka kumuuliza kwani yeye kafanya nini, lakini kilichotoka ni "aaah-aah", na yeye akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimekubali.

Kazi yenyewe mnaijua, ila nitaisema kwa ajili ya wale ambao watasoma hapa bila kuijua. Unachukua chapa ya fizi, unamimina plasta ndani yake, ikikauka unapata kinywa cha mtu kimekaa mezani bila mtu. Juu yake unajenga fizi za nta, unapanga meno moja moja, mteja anajaribu, akiridhika ile nta unaibadilisha kwa plastiki ngumu. Vile vinywa vya plasta Mzee Kanuti hakuvitupa. Alivipanga rafuni, kila kimoja kimeandikwa jina chini, kwa hiyo ukiinua macho unaona wilaya nzima imekukenulia fizi. Mwanzoni niliogopa. Baadaye nikawa nawasalimia asubuhi.

Majaribio yalikuwa mawili. Kwanza, mteja anahesabu kuanzia sitini hadi sitini na tisa, kwa sababu herufi hiyo ya "s" ndiyo inayofichua meno yaliyokaa vibaya. Meno yakiwa marefu, mtu anasema kama anayepuliza moto. Pili, anang'ata peasi. Siyo peasi laini la sokoni, bali lile gumu la kwetu, ambalo ukimrushia mwizi anaweza kulazwa. Kapu la mapeasi lilikaa dirishani mwaka mzima, na yasipokuwepo tulitumia mahindi ya makande yaliyochemshwa kidogo tu. Mteja akipita hapo, anakwenda nyumbani.

Msidhani kwenda nyumbani ndiyo mwisho. Kulikuwa na mzee mmoja wa Mazinde, tulimvalisha meno mapya, akapanda basi akiwa anatabasamu kwa kila abiria. Kwenye zile kona za kushukia Mombo akapiga chafya, na kwa bahati mbaya alikuwa ameegemea dirisha. Meno yakaenda bondeni. Basi likasimama, abiria wote wakashuka kutafuta, na waliyemkuta nayo ni nyani, amekaa juu ya jiwe anayageuza geuza. Akayanusa, akayatupa. Yule mzee alinirudia akilalamika kwamba kazi yetu ni mbovu kiasi kwamba hata nyani kaikataa.

Halafu yule mama wa Mnazi, ambaye meno yake ya asili yalikuwa na mwanya mzuri sana katikati. Daktari mgeni akamwambia Mama Meno atakuzibia huo mwanya, utapata safu safi. Mama akainuka kwenye kiti. "Mume wangu aliniolea huo mwanya," akasema. "Mkiuziba atasema mmempelekea mwanamke mwingine." Nikamtengenezea na mwanya wake. Siku ile Mzee Kanuti aliniambia neno ambalo nawaachia na ninyi: usiulize kinywa kinafaa kiweje, muulize mwenyewe alikuwaje. Nililisikia, nikaliweka, wala sikujua kazi yake mpaka ilipokuja habari ya Mzee Yohana.

Mzee Yohana alikuwa msemaji wa ukoo wake kule upande wa Gare. Posa, misiba, ugomvi wa mipaka, yeye ndiye anayesimama. Meno yake ya juu nilimtengenezea mimi, na siku anayachukua alihesabu sitini hadi sitini na tisa safi kabisa. Alipokuja nimkagulie mwaka uliofuata, akafungua mdomo kunisalimia, nikasikia filimbi. Kila penye "s", fyuuu, nyembamba na kali, unaisikia mpaka getini. Niliona aibu, kazi yangu hiyo. Nikamwambia, "Mzee, nipe niyarekebishe, ni dakika chache tu." Akafunga mdomo, akafunga na koti. "Yaache," akasema. "Yananifaa hivi hivi."

Na kweli yalimfaa. Mikutano ya ukoo watu wanaongea wote kwa pamoja, mnatujua, lakini Mzee Yohana akisema tu "Sasa sikilizeni", ile filimbi ikipasua, hata kuku wananyamaza. Kila mwaka nilimwomba anipe meno, kila mwaka alikataa. Mke wake, Bibi Naemi, alikuwa akimsindikiza, naye hakuwa na jino hata moja. Nikimwambia na wewe mama nikutengenezee, anacheka fizi tupu: "Nyumba moja meno ya nini mawili? Yeye atafune, mimi nitameza."

Mzee Yohana akafariki usingizini, na meno yake yakiwa kwenye kikombe cha bati kando ya kitanda, ambako yalilala kila siku. Katika ile pilika ya msiba hakuna aliyekumbuka kumvalisha. Akazikwa na fizi zake.

Sasa hapa ndipo watu wetu walipofanya jambo ambalo sijawahi kulisikia kwingine. Siku ya kumaliza matanga vitu vya marehemu hutolewa nje vikagawiwa. Koti kwa mpwa, redio kwa mtoto wa kwanza, jembe kwa huyu, kofia kwa yule. Mdogo wake, Mzee Zefania, ndiye aliyepokea fimbo na ile nafasi ya usemaji. Mtu aliyekuwa akitoa vitu ndani akatoka na kikombe cha bati, akakiweka mezani pamoja na saa ya ukutani. Wazee wakachungulia. Mmoja akauliza, "Na haya?" Mwingine akajibu kwa uzito wote, "Haya ni vyombo vya usemaji. Yaende na fimbo." Wakaitikia wote. Mpaka leo hakuna anayekubali kwamba ni yeye aliyejibu vile.

Mzee Zefania naye juu hakuwa amebakiwa na jino. Aliyasuuza meno yale kwa maji ya ndoo, akayatia. Taya za ndugu hufanana, yakakaa kwa kulegea, lakini yakakaa. Akagonga fimbo chini, akasema, "Sasa sikilizeni."

Fyuuu.

Waliokuwepo walinisimulia, kila mmoja kwa namna yake, ila wote wanakubaliana katika mambo matatu. Wanawake waliangua kilio upya kana kwamba maiti ndiyo kwanza imetolewa. Mbwa wa marehemu alitoka uvunguni mwa ghala akitikisa mkia. Na Bibi Naemi, aliyekuwa jikoni anapakua makande, akaitika kwa sauti ya juu, "Abee!" Akatoka mbio na mwiko mkononi. Alipofika uani akamwona shemeji yake amesimama na fimbo, na meno ya mumewe yakiwa kinywani. Akasimama hapo hapo. Akaweka mwiko chini, akarudi ndani, hakutoka tena siku ile.

Zefania naye akanogewa. Mtu mpole yule, zamani hata akiomba chumvi hapewi, ghafla anasema "Sogezeni benchi" na benchi linasogezwa. Akawa hayavui. Anapita njia ya chini ya nyumba ya shemeji yake akiwasalimia watu, fyuuu, na Bibi Naemi ndani anaitika, "Abee!" kabla hajakumbuka. Kila siku. Analala amezika mume, anaamka mume anaita njiani.

Ndipo akaja kwangu, amejifunga khanga mbili na sweta juu kwa baridi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia hata marahaba.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeyatengeneza. Yatoe kwenye kinywa cha Zefania. Au unirudishie mimi, au ukayafukie kaburini pamoja na mwenyewe. Mojawapo. Mimi siwezi kuwa mjane wa mtu anayepita barabarani."

Kabla sijamjibu, mlango ukafunguka, na aliyeingia ni Zefania mwenyewe, shavu limevimba, nyuma yake wazee wa ukoo watatu wamebeba fimbo kama ushahidi. Yale meno yalikuwa yamemchubua fizi zote. Alikuwa ameyabandika kwa nta ya nyuki yasidondoke, na nyuki walikuwa wameanza kumfuata mpaka kanisani.

"Mama Meno," akasema, fyuuu, na Bibi Naemi akajishika mdomo kwa mikono miwili. "Nisugulie haya yanikae vizuri. Posa ya mjukuu wa marehemu imekaribia, wageni wanatoka Mnazi. Ila filimbi usiiguse."

"Nikiyasugua yakae kwako, filimbi inaweza kuondoka," nikasema.

Wazee watatu wakasema kwa pamoja, "Basi usiyasugue!"

"Yanamuua fizi!" nikasema.

"Fizi ni zake," mmoja akasema. "Filimbi ni ya ukoo."

Nilichemka. Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote lakini siku ile nilitaka kuwafungia wote rafuni pamoja na plasta. Nikawaambia hiyo filimbi wanayoililia ni kasoro ya ufundi, ni hewa inapita pasipopaswa, na mimi mwenyewe niliiona aibu miaka yote. Nikamvua Zefania yale meno, nikayaosha, nikayapeleka dirishani kuwaonyesha. Nikateremsha rafuni kinywa cha plasta cha Mzee Yohana nilichokihifadhi, nikakivika yale meno.

Nyuma ya meno mawili ya mbele kulikuwa na kijimfereji. Hakikuwa changu. Kilichongwa kwa tupa, tena tupa kubwa, ya kunolea panga.

"Nani kayachonga haya?"

Bibi Naemi akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. "Yohana," akasema. "Nyuma ya jiko, siku tatu nzima, nikadhani ananoa kisu." Akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Meno yake ya ujanani ndiyo yalikuwa yanapiga hivyo. Kwetu ni ng'ambo ya bonde. Akija kwenye shamba la baba yake anasimama ukingoni, anapiga, mimi nasikia kule ng'ambo nikiwa na kuni kichwani, naitika. Hatukuwa tumeongea hata neno. Meno yalipokwisha, akaja na haya yako mazuri, hayana sauti. Akaniita kutoka shambani, sikusikia. Akaniita tena, sikusikia. Ndiyo akachukua tupa."

Wale wazee waliangalia viatu vyao. Miaka yote nilikuwa nikimwomba yule mzee anipe meno nimnyamazishe, kumbe anamwita mkewe.

Zefania, bila meno, na midomo imeingia ndani, alionekana tena yule Zefania wa kunyimwa chumvi. Akayachukua mezani, akayafuta kwa shati lake, akampa kwa mikono miwili. "Shemeji, nisamehe," akasema. "Kumbe kila nikifungua mdomo nilikuwa nakuita."

Akayapokea, akayafunga kwenye pindo la khanga. Wazee hawakuthubutu kupinga, ila mmoja alinong'ona mlangoni kwamba posa sasa imekufa.

Nilimtengenezea Zefania meno yake mwenyewe, haraka haraka, na fizi zilipopona akayavaa. Yalikaa vizuri kuliko yoyote niliyowahi kufanya. Sitini hadi sitini na tisa, kimya, safi. Peasi alilimaliza na kokwa. Wazee wakamsikiliza, wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Ukoo ukaniomba nije kwenye posa na tupa kwenye mkoba, kwa dharura. Nikaenda, na tupa nikaibeba, sijui nilikuwa nafikiria nini.

Wageni wa Mnazi walifika wamevaa mashati mepesi, wanatetemeka, wakapewa chai wakavishikilia vikombe kwa mikono yote. Mambo yakaenda mpaka ilipofika zamu ya blanketi la bibi, ambalo kwetu huku hakuna binti anayetoka bila hilo, na bibi mwenyewe ndiye Naemi. Mjomba wa bwana harusi akafungua mfuko kwa tabasamu. Akatoa shuka. Shuka jepesi, la maua! Kwao kule bondeni, kwa joto lile, mtu akijifunika shuka amejifunika sana, na walikuwa wameteua zuri.

Kelele zilizozuka sijawahi kuzisikia. Shangazi wamesimama, wajomba wamesimama, wa Mnazi wanasema shuka ni la gharama, wetu wanasema mnataka bibi afe kwa baridi. Zefania akainuka. "Jamani, sikilizeni," akasema kwa sauti yake ile ya upole. Hakuna aliyegeuka. Akagonga fimbo. Hakuna. Mjomba wa Mnazi alishaanza kukunja shuka lake, na vijana wa kwao wanatafuta viatu mlangoni. Kule chumbani binti alikuwa analia, nilimsikia. Zefania akanitazama, akafungua mdomo, akanionyesha meno yake kwa kidole, kama anayeniambia chonga, chonga hapa hapa.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mkoba.

Fyuuu.

Nyumba ikanyamaza. Mbwa akainuka mlangoni. Watu wakamtazama Zefania, Zefania akatikisa kichwa kwamba siyo yeye. Bibi Naemi alikuwa amekaa mkekani kati ya wanawake, meno ya mumewe yamejaa kinywa chake kidogo, ameyashikilia kwa kidole gumba yasidondoke, mashavu yametanuka. Akayatoa taratibu, akayarudisha kwenye pindo la khanga.

"Sasa msikilizeni shemeji yangu," akasema.

Wakamsikiliza. Zefania akasema vizuri, wala hakuhitaji kupaza sauti. Akawaeleza wageni baridi ya huku mwezi wa saba, na wageni, ambao walikuwa wakiitetemekea, wakaelewa. Wakaahidi blanketi, na shuka likabaki kama nyongeza. Binti akatoka chumbani amejifuta macho, vigelegele vikapigwa.

Toka siku ile, Zefania akisimama kusema, Bibi Naemi humfungulia kwa filimbi, na ukoo umeona hivyo ni sawa, kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Sasa namalizia. Wiki yangu ya mwisho kazini Bibi Naemi aliingia, safari hii akaitikia shikamoo yangu vizuri, akaketi kwenye kiti. "Nimechoka kuyashikilia na kidole," akasema. "Nitengenezee ya kwangu. Ya kwangu yawe na kitu chake."

Hayo ndiyo meno yangu ya mwisho. Nilichukua chapa, nikamimina plasta, nikapanga, nikang'arisha. Halafu nikatoa tupa mkobani, nikateremsha kinywa cha Mzee Yohana rafuni, nikakivika meno yake aliyoyaleta mkewe yawe kielelezo, na kwa mkono wangu, mimi niliyeajiriwa kuondoa filimbi kwenye vinywa vya watu, nikachonga kijimfereji nyuma ya meno mawili ya mbele. Nilikuwa makini kuliko nilivyowahi kuwa.

Akayavaa. Nikamwambia ahesabu.

"Sitini," akasema, fyuuu, nyembamba na kali, ikapita dirishani juu ya kapu la mapeasi.

Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza ng'ambo ya bonde. Halafu akaitika mwenyewe, polepole.

"Abee."

Sikumwambia aendelee hadi sitini na tisa.